Laini Iliyobeba Jina Langu

Kila siku redioni tunaambiwa tusimpe mtu namba ya siri. Mimi sijawahi kumpa mtu namba yangu ya siri, si mume wangu, si binti yangu ninayemwachia duka, na bado niliitwa tapeli katika mji ambao karibu kila mtu ananijua. Yaliyonikuta yalipitia kwenye vitu ambavyo sheria na kazi vilinitaka nivitoe: kidole changu, kitambulisho changu na daftari la duka. Hayo redioni hayasemwi sana, ndiyo maana nimeona niyaandike.

Nina duka Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Upande mmoja ni steshenari: natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nawajazia vijana maombi ya kazi na ya mikopo ya chuo mtandaoni. Upande wa pili ni uwakala wa fedha kwa simu. Wilaya ilipomegwa kutoka Iramba na ofisi za serikali zikaja huku, karatasi ziliongezeka, na karatasi kwangu ni ugali. Lakini ukifika msimu wa alizeti na vitunguu, uwakala ndio unaolisha nyumba. Wanunuzi wanatoka Singida mjini, wanatoka ng'ambo ya Mto Sibiti kule Meatu, na pesa haikai mahali pamoja. Mkulima anauza magunia asubuhi, mchana anakuja kutoa, jioni anatuma ada ya mtoto anayesoma Kiomboi.

Mwaka 2024, katikati ya msimu wa alizeti, waliingia dukani wanaume wawili waliovaa kiraia. Nyuma yao alikuwa mtendaji wa kijiji, kofia mkononi. Mtendaji wetu haji kutoa kopi bila kutania, na siku hiyo hakutania, nikajua hawa si wateja.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, karibuni."

Mmoja akatoa karatasi akasoma majina yangu matatu, pamoja na lile la babu ambalo hapa mjini hakuna anayelitumia. Kisha akasoma namba ya simu na kuniuliza kama ni yangu. Nikasema siijui. Akairudia tarakimu moja moja, taratibu, kama anayemsomea mtoto imla.

"Imesajiliwa kwa jina lako, mama. Kwa kitambulisho chako na kidole chako."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mnunuzi mmoja wa alizeti kutoka Meatu, bwana aliyekwisha kutoa fedha kwangu mara kadhaa, alipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni mimi. Alimwambia kuna mkulima ana mgonjwa hospitalini, anataka kuuza magunia yake haraka chini ya bei ya soko, na kwamba atume kianzio kabla mnunuzi mwingine hajamwahi. Alimtajia mpaka kiasi alichokuwa ametoa dukani kwangu siku chache nyuma. Yule bwana si mjinga. Alipoingiza ile namba alisubiri jina litokee kabla ya kuthibitisha. Likatokea langu, yote matatu. Akatulia, akatuma milioni mbili na ushee.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Sisi mawakala tumewafundisha wateja kwa miaka yote kuangalia jina. "Limekuja jina la nani?" ndilo swali ninalomuuliza kila mzee kabla hajabonyeza. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zimewachosha Watanzania kiasi kwamba jina limekuwa ndiyo kinga ya mwisho ya mtu wa kawaida. Lakini jina linasema laini ilisajiliwa kwa nani. Nani ameishika laini hiyo saa hiyo, halisemi.

Nilipelekwa kituoni, nikatoa maelezo, kaka yangu akanidhamini. Simu yangu ilibaki kwa uchunguzi. Laini za uwakala zikasimamishwa zikiwa na floti ndani, yaani fedha ya kufanyia miamala, ambayo sehemu yake ilikuwa mkopo wa kikundi. Asiyefanya kazi hii huenda asielewe maana ya floti kufungwa msimu wa mavuno. Ni sawa na kuambiwa duka lako lipo, bidhaa zipo, ila ufunguo utarudishiwa watakapomaliza kufikiri.

Ya kituoni yalikuwa na utaratibu wake. Ya mtaani hayakuwa na utaratibu. Kwenye kikundi chetu cha vikoba nilikuwa mweka hazina, nikaombwa kwa upole nikae pembeni "mpaka mambo yatulie". Wateja waliokuwa wakinipigia kelele nifungue mapema wakaanza kutoa pesa Iguguno, barabarani, ambako hata nauli ya kufika ni hasara. Mama mmoja niliyemjazia mwanawe maombi ya mkopo wa chuo alirudi kuniuliza kama namba za kitambulisho cha mtoto bado ninazo, na kama ninaweza "kuzirudisha". Nilimwelewa. Namba haina kurudishwa, lakini alichokuwa akidai kilikuwa cha haki.

Aliyenisimamisha ni mama mkwe wangu. Alikuja asubuhi moja na ungo wa choroko, akakaa kwenye benchi la mbele ya duka, akaanza kuchambua. Nikamwambia, "Mama, watu watasema." Akajibu bila kuinua uso, "Wameshasema, mwanangu. Wewe fungua duka. Mwenye kujificha ndiye mwenye neno." Alikuja siku iliyofuata, na iliyofuata. Watu wanamheshimu sana hapa. Ni mkunga wa zamani, nusu ya wanaume waliokuwa wakininong'ona wamepita mikononi mwake. Kwa kuwa yeye alikuwa amekaa pale, ilibidi wapite na kumwamkia, na wakishamwamkia ilikuwa vigumu kutoniamkia mimi.

Upelelezi nao ulikwenda. Askari aliyeshika jalada alikuwa kijana mtulivu, mwenye kuuliza kidogo na kuandika sana. Siku moja aliniita akaniambia, "Mama, laini hii imesajiliwa tarehe hii. Siku hiyo ulikuwa wapi?" Nikahesabu. Ilikuwa siku ya mnada, zaidi ya mwaka mmoja nyuma, nami niliikumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyonunua laini baada ya simu yangu ya zamani kutumbukia kwenye ndoo ya maji.

Pale mnadani palikuwa na kijana amesimama chini ya mwavuli, fulana ya mtandao wa simu, kifaa cha kusoma vidole mkononi. Sote tunawajua vijana hawa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo kidole kimekuwa sehemu ya kununua laini kama vile pesa yenyewe. Nilimpa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nikaweka kidole gumba. Akatikisa kichwa.

"Mama, hakisomi. Una wino."

Kweli nilikuwa na wino. Nilikuwa nimejaza katriji ya printa asubuhi ile, na wino ule unaingia kwenye mistari ya kidole hautoki kwa sabuni. Nikafuta kwa pindo la kanga, nikaweka tena. "Bado kidogo. Weka tena." Nikaweka tena. Kisha laini ikakubali, akanishukuru, nikaenda kununua nyanya.

Kumbukumbu za usajili zilionyesha laini mbili kwa jina langu siku ile, dakika chache baina ya moja na nyingine, zikiwa na utambulisho wa msajili mmoja. Moja ndiyo niliyoitumia. Nyingine ilikaa kimya kwa miezi mingi, kama mbegu ghalani, mpaka msimu wa alizeti. Rekodi za minara nazo zilionyesha kwamba siku mnunuzi alipopigiwa simu, laini ile haikuwa Nduguti wala karibu yake, wakati mimi nilikuwa dukani nahudumia watu walio tayari kuja kusema hivyo. Yule kijana wa mwavuli alikuwa ameshaacha kazi hiyo kitambo.

Ninataka hili lieleweke vizuri kwa sababu nimesikia watu, hata wasomi, wakisema, "Lakini wewe kwa nini uliweka kidole mara mbili?" Niliweka kwa sababu laini haiwezi kusajiliwa bila kidole, na kwa sababu vidole vya watu wa kwetu kweli havisomi kirahisi. Mwenye jembe, mwenye jiwe la kusagia, fundi wa matofali, mchimba chumvi, wote mistari ya vidole imelika. Kurudia ni jambo la kila siku. Wizi umejificha ndani ya jambo la kweli, na mwenye wajibu wa kwanza ni yule aliyeshika kifaa, pamoja na aliyemkabidhi kifaa hicho.

Askari ndiye aliyenionyesha kitu ambacho mimi, mwenye duka la simu na karatasi, nilikuwa nakijua juu juu tu. Unapiga *106#, unafuata maelekezo, unaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipopiga, mbali na ile laini ya utapeli nilikuta na nyingine tena, ya mtandao ambao sijawahi kuutumia. Hiyo ilinishtua kuliko ya kwanza, maana ya kwanza nilikuwa nimeshaizoea. Nikachukua basi mpaka Singida, nikakaa foleni kwenye ofisi ya mtandao huo na namba yangu ya RB ya polisi mkononi. Dada wa kaunta akaniuliza kama nina uhakika si yangu, labda nilimsajilia ndugu nikasahau. Nikamwambia, dada yangu, funga. Akafunga.

Hapo nikawa nimeelewa ya kidole. Lakini kidole hakikueleza jinsi walivyojua kwamba yule bwana wa Meatu alitoa fedha kwangu, siku gani, kiasi gani. Kwa hilo kulikuwa na daftari.

Kila wakala ana daftari. Ni kubwa, lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Linakaa wazi juu ya kaunta na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke. Mteja akija kusaini anaona waliomtangulia wote: mwalimu fulani katoa laki nne, mzee fulani kapokea kutoka kwa mwanawe Dar es Salaam, na namba zao za simu zimepangwa kama shanga kwenye uzi. Tulifundishwa kulijaza, na ni sawa tulijaze, kwa sababu likitokea tatizo ndilo shahidi. Hakuna aliyetufundisha kulifunika.

Mzee mmoja jirani, anayependa kukaa kwenye benchi langu kusikiliza taarifa ya habari, aliniambia baadaye kwamba kuna kijana alikuwa akija kuchaji simu dukani msimu ule, na kila akichomoa simu kwenye chaja aliinyanyua juu ya kaunta kana kwamba anatafuta mtandao. Kama alikuwa anapiga picha, sina ushahidi, na sitamtaja mtu kwa kudhani, nimeonja kudhaniwa. Ninachojua ni kwamba aliyempigia yule bwana alikuwa na namba yake, kiasi chake na siku yake, na vitu hivyo vitatu vilikaa pamoja kwenye mstari mmoja wa daftari.

Tena kulikuwa na la nne. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho: mwaka, mwezi, siku. Sasa muulize wakala yeyote wateja wake wengi, hasa wazee, wanaweka namba gani ya siri. Mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo mtu akilipiga picha daftari la wakala, amepata namba ya simu ya mzee na, mara nyingi, namba yake ya siri pia, bila mzee kumwambia mtu neno lolote. Tangazo la redioni limetimizwa na mlango uko wazi.

Nilikaa na msaidizi wa kisheria mmoja tukaisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024, yaani miezi michache kabla ya kisa changu. Nilidhani ni sheria ya mabenki na makampuni ya Dar es Salaam. Tulipofika kwenye tafsiri ya taarifa binafsi nyeti, zile zinazotaka ulinzi wa ziada, tukakuta taarifa za kibayometria, zikiwamo alama za vidole, na miamala ya fedha ya mtu. Nikamwomba asome tena. Miamala ya fedha. Basi daftari langu la mistari ya rula, lenye doa la chai kwenye jalada, ndani yake mna taarifa ambazo sheria ya nchi inaziita nyeti. Na haki ya kuwa na faragha haikuanza hapo. Imo kwenye Katiba, Ibara ya 16. Sheria inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kutaka zirekebishwe, na kulalamika kwa Tume zikitumiwa vibaya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ilikwisha kufanya kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao kuwa kosa la jinai. Vitabu vipo. Kilichobaki ni mwendo kutoka kitabuni mpaka kaunta ya Nduguti, na mwendo huo una vumbi.

Laini za uwakala ziliporudishwa nilianza na daftari. Nilichukua kadibodi ya boksi la biskuti, nikakata mwanya mrefu wenye upana wa mstari mmoja. Mteja akisaini, kadibodi imelala juu ya ukurasa, anaona mstari wake tu. Akimaliza, daftari linarudi chini ya kaunta. Haigharimu kitu. Siku za mwanzo watu walicheka. Mwalimu mmoja aliuliza kama tumeanza kupiga kura. Lakini wazee walipenda, hasa waliokuwa hawataki wenzao wajue watoto wamewatumia kiasi gani. Nikagundua walikuwa wakiona aibu miaka yote hiyo na hawakusema.

Kisha karatasi. Steshenari inaharibu karatasi nyingi: kopi iliyopinda, iliyofifia, iliyotoka nusu. Mji mzima unajua zinakokwenda, zinakwenda kwa wauza karanga. Jioni moja mwanangu alirudi na karanga za moto, nikafungua kile kikaratasi, nikakutana na uso wa mtu ninayemfahamu, picha ya kitambulisho chake, namba zote 20 zinasomeka, sahihi yake chini. Sikujua imetoka steshenari gani, tuko kadhaa. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye paji la uso wake. Tangu hapo kopi mbovu ya kitambulisho, ya cheti, ya kadi ya benki, mwenyewe anaichukua au inachanwa mbele yake na kuingia kwenye moto wa jikoni. Mama anayeuza karanga jirani yangu alinuna kidogo. Nampa magazeti.

Kazi ngumu ni ya paswedi. Vijana wanakuja kujaza maombi ya ajira, hawana barua pepe, tunawafungulia, tunawawekea paswedi, na paswedi ile tunaiandika nyuma ya daftari kwa sababu tunajua watarudi wamesahau. Nyuma ya daftari la steshenari yoyote ya wilaya utakuta mji mzima umejipanga, na nusu yao wana paswedi moja, maana aliyeitunga ni mwenye duka. Sasa namgeuzia kijana kibodi aandike mwenyewe, mimi nageuka kupanga rimu. Inachukua muda. Dada mmoja alikuwa anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja huku foleni nyuma yake inaguna, nikatamani kumnyang'anya. Nilijizuia. Aliporudi majuzi aliikumbuka paswedi yake bila kuuliza. Kompyuta yenyewe nimeiwekea programu ya kuzuia virusi, maana flashi za wateja zinabeba kila aina ya uchafu, na kila jioni nafuta nyaraka za watu zilizobaki kwenye kioo.

Niseme na jambo ambalo halikunihusu moja kwa moja ila lilinifikia. Mpwa wangu, mtumishi mahali, alikopa kupitia programu ya simu, yale mambo watu wanayaita kausha damu. Kabla ya kumpa fedha, programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake. Alipochelewa kulipa, meseji zikaanza kumwagika kwa watu: kwa mkuu wake wa kazi, kwa mchungaji, kwangu. "Mwambie ndugu yako alipe deni." Sikukopa hata senti, lakini namba yangu ilikuwa mikononi mwa watu nisiowajua kwa sababu tu nimo kwenye simu ya mpwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi: mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa majina na namba zilizochukuliwa kutoka kwa watu wengine. Ningependa kuona faini za namna hiyo na huku kwetu, zikitangazwa kwa jina, redioni, saa ileile ya tangazo la namba ya siri.

Watu wamerudi, si wote. Mtendaji aliyeingia na kofia mkononi alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaeleza kwamba laini ilisajiliwa bila mimi kujua na upelelezi haukunikuta na kosa. Alisema kwa ufupi, na nikamshukuru kwa ufupi. Kikundi kilinirudishia uhazina, nikakataa. Nikasema aendelee dada aliyeshika nafasi yangu, anafanya vizuri, na daftari lake nalo tumelikatia kadibodi. Yule bwana wa Meatu msimu uliofuata alikuja dukani. Tulisalimiana, tukakaa kimya kidogo, kisha akaomba nimtolee fedha. Pesa yake ya mwanzo haijapatikana mpaka leo.

Mwenzangu wakala unayesoma haya, funika daftari lako leo jioni. Kadibodi ipo dukani kwako. Ukipata meseji ya kitapeli usiifute tu, itume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, kisha itaje namba iliyokutumia utakapoulizwa. Mzee wako nyumbani mbadilishie namba ya siri kama ni mwaka wake wa kuzaliwa, na umwachie aingize mwenyewe. Na wewe ambaye huna duka wala daftari, ukiambiwa kidole hakijasoma, subiri meseji ya usajili iingie kwenye simu yako ukiwa umesimama palepale, halafu piga *106# kabla hujaondoka chini ya mwavuli. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho chako ukaifunge. Mimi ya kwangu niliijua baada ya mtu mwingine kuibiwa.